Namna ya Kugombea Urais wa Marekani kwa Pesa za Watu Bila Kufungwa

Umeamua kugombea urais wa Marekani. Vizuri. Sura unayo, sauti unayo, na familia imeshajifunza kupunga mkono jukwaani. Kilichobaki ni pesa. Mkono mtupu haulambwi, na huko mkono hujazwa hadi kufurika: mwaka 2024 Kamala Harris alikusanya zaidi ya dola bilioni 1 katika muda usiofika miezi mitatu, na bado akashindwa.

Sogea karibu nikuelekeze. Karibu kila mbinu utakayoisoma hapa ni halali. Imeshajaribiwa na watu wenye majina makubwa, na wengi wao walirudi nyumbani wakalala usingizi mnono. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo maana nitakueleza yote bila kuficha.

Hatua ya 1: Usitangaze

Mgombea mgeni hukimbilia kutangaza. Wewe tulia. Ukishakuwa mgombea, kampeni yako haiwezi kupokea kwa mtu mmoja zaidi ya kiwango cha sheria: kwa miaka ya 2025 na 2026 ni dola 3,500 za kura za mchujo na dola 3,500 za uchaguzi mkuu. Bilionea hawezi hata kuhisi kwamba ametoa kitu.

Basi sema unatafakari. Sema unaomba dua, unasikiliza familia, unazunguka nchi kuwasikia wananchi. Mwaka 2015 Jeb Bush alizunguka hivyo kwa miezi kadhaa akilichangishia Right to Rise, kundi la kumuunga mkono. Mwezi Mei, huko Nevada, ulimi ulimteleza mbele ya waandishi akasema anagombea, kisha akajiwahi palepale: kama nitagombea. Alitangaza rasmi Juni 15. Kufikia mwisho wa mwezi huo, kundi lile lilikuwa limekusanya zaidi ya dola milioni 100.

Hatua ya 2: Fungua mlango wa uani

Mlango huo unaitwa Super PAC, na umefunguliwa na majaji. Baada ya kashfa ya Watergate, Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali mwaka 1974: kikomo cha kutoa na kikomo cha kutumia. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ikaigawa sheria hiyo vipande viwili. Kikomo cha kutoa kibaki, kikomo cha kutumia kiondoke, kwa kuwa kutumia pesa katika siasa ni sehemu ya uhuru wa kusema. Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji watano dhidi ya wanne wakazipa kampuni na vyama vya wafanyakazi uhuru huohuo, mradi zitumie pesa zao bila kushauriana na mgombea. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufani ya Washington ikamalizia: kundi linalotumia pesa kivyake haliwezi kuwekewa kikomo cha kuchangiwa.

Kwa hiyo tafuta rafiki akusajilie kundi. Halitakupa wewe hata senti, ila litanunua matangazo ya kukusifu na ya kumchafua mpinzani wako, kwa mamilioni. Ni kama mkwe asiyeruhusiwa kukanyaga jikoni kwako, lakini anaruhusiwa kukujengea nyumba kiwanja cha pili.

Usisumbuke na jina. Sheria hairuhusu kundi la namna hiyo kubeba jina la mgombea, na kundi la mgombea Carly Fiorina, lililoitwa Carly for America, lilipokumbushwa hivyo mwaka 2015 lilizigeuza herufi za jina lake kuwa vifupisho vya maneno mengine matano, likaendelea kuitwa CARLY kwa herufi kubwa. Mambo yakaisha.

Hatua ya 3: Zungumza na kundi lako bila kuzungumza nalo

Sheria inakataza msishauriane. Haikatazi msisomane. Chochote ulichokiweka hadharani, kila mtu anaruhusiwa kukiona, na kundi lako nalo ni mtu.

Weka ratiba ya safari zako kwenye kalenda ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote. Fiorina alifanya hivyo, na watu wa kundi lake walikuwa wakitangulia ukumbini kupanga meza, kubandika mabango na kuandikisha wafuasi kabla gari lake halijafika.

Ukitaka tangazo, andika kwenye tovuti yako ndani ya kisanduku chenye mstari mwekundu. Andika kwamba wapiga kura wa jimbo fulani wanahitaji “kuona” jambo hili. Wenye kazi yao wanaelewa: “kuona” ni televisheni, “kusikia” ni redio, “kuona wakiwa safarini” ni simu ya mkononi. Mwananchi wa kawaida akifungua ukurasa ule hujiuliza mbona Kiingereza chake kimekakamaa. Hakikuandikwa kwa ajili yake.

Na tangu Machi 2024 kazi imekuwa nyepesi zaidi. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ilikubali kwamba kampeni na Super PAC wanaweza kushauriana waziwazi kuhusu kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Mwaka huohuo kundi la Elon Musk, America PAC, likajitosa katika kazi hiyohiyo kumsaidia Donald Trump.

Hatua ya 4: Mfiche anayetaka kufichwa

Super PAC ina kasoro moja kwa tajiri mwenye haya: lazima iwataje wachangiaji wake. Usihofu. Mwambie atoe kwanza kwa shirika lililosajiliwa kuwa la ustawi wa jamii, ambalo halilazimiki kuwaanika wafadhili wake. Shirika hilo ndilo litakalolichangia kundi lako. Atakayefungua taarifa atakuta jina la shirika, lenye maneno matamu kama uhuru, familia au mustakabali, na nyuma yake ukuta.

Hapa simama kidogo utazame. Mwalimu wa shule ya msingi huko Ohio akimchangia mgombea dola 250, amevuka dola 200, basi anaandikwa jina lake, anwani yake, kazi yake na mwajiri wake, na taarifa inawekwa hadharani. Aliyetoa milioni 10 kwa kupitia ukutani haandikwi popote. Sheria imemmulika mwenye tochi ndogo ikamwacha gizani mwenye jenereta.

Hatua ya 5: Wape watu vyeo

Tajiri ana pesa tayari. Anachokosa ni kuonekana. Mpe cheo. Kampeni ya George W. Bush ya mwaka 2000 iliwaita “Waasisi” wale waliokusanya kuanzia dola 100,000 kwa rafiki na jamaa, na mwaka 2004 ikaongeza daraja la juu kwa waliofikisha 200,000. Kila mmoja alikuwa na namba yake ya kuandikwa kwenye hundi za aliowashawishi, ili sifa isimpotee. Watu wazima, wenye kampuni zao, walishindana kama watoto wanaogombea nyota za mwalimu.

Ukishinda, kumbuka balozi za miji mizuri. Marais wa vyama vyote viwili wamewapa ubalozi wakusanyaji wao. Kuuza cheo ni kosa la jinai, kwa hiyo usitaje mchango na cheo katika sentensi moja. Anayejua anachokitaka hahitaji kuambiwa.

Hatua ya 6: Ujue ukuta halisi ulipo

Mahali pawili sheria haichezi. Kwanza, pesa za mgeni. Ndugu yako aliyehamia Minnesota na kupata kibali cha ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, anaruhusiwa kuchangia hata kabla hajapata haki ya kupiga kura. Shangazi yenu wa Mombasa haruhusiwi kutuma hata shilingi. Akija kutembea anaweza kukunja vipeperushi kwa kujitolea, bila malipo.

Pili, usichangie kwa jina la mtu mwingine. Mwandishi Dinesh D'Souza alikiri kosa hilo mwaka 2014: alikuwa amepitisha dola 20,000 kwa majina ya watu wengine kumsaidia mgombea wa Seneti. Alihukumiwa, na mwaka 2018 Trump akamsamehe. Angezipeleka dola hizo kwenye Super PAC, hata angeziongeza mara mia, hakuna askari ambaye angebisha hodi kwake.

Hatua ya 7: Usiipotezee usingizi Tume

Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ina viti sita, na chama kimoja hakiruhusiwi kushika zaidi ya vitatu. Kufanya jambo lolote zito kunahitaji kura nne. Piga hesabu mwenyewe: watatu kwa watatu, na faili linarudi kabatini. Mara nyingine hata hao sita hawapo. Mwaka 2019 na tena 2025 Tume ilibaki na makamishna wachache kiasi cha kukosa akidi.

Ikikufikia, itakuwa imechelewa. Right to Rise ilipokea dola milioni 1.3 kutoka kampuni iliyomilikiwa na raia wa China. Jeb Bush alijitoa kwenye kinyang'anyiro Februari 2016. Kundi lilipigwa faini ya dola 390,000 mwaka 2019, wakati Trump alikuwa mwaka wa tatu Ikulu.

Hatua ya 8: Zikatae pesa za wananchi

Marekani ina mfuko wa umma wa kugharimia kampeni za urais. Mlipa kodi anaweka alama kwenye fomu yake, na dola 3 za kodi yake zinakwenda mfukoni humo bila kumwongezea deni. Mgombea anayezichukua kwa uchaguzi mkuu anakubali kikomo cha matumizi. Kuanzia 1976 hadi 2004 wagombea wote wa vyama vikuu walizichukua katika uchaguzi mkuu. Ronald Reagan alipewa dola milioni 40.4 mwaka 1984, akashinda majimbo 49 kati ya 50. Hakuna aliyemwona mnyonge.

Mwaka 2008 Barack Obama alizikataa. Mpinzani wake John McCain akazichukua, dola milioni 84.1, huku Obama akikusanya takriban milioni 745 katika kampeni yake yote. Tangu 2012 hakuna mgombea wa chama kikuu aliyezigusa katika uchaguzi mkuu. Nawe zikatae. Ukizichukua utalazimika kushinda kwa hoja.

Hatua ya 9: Elewa unachonunua

Usidhani pesa hununua kura moja kwa moja. Bilionea Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake mwaka 2020, akashinda kura za mchujo katika visiwa vya American Samoa, basi. Pesa hununua sikio. Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 mwaka 2024, na Trump alipoingia Ikulu Januari 2025 akampa nafasi ya kuongoza juhudi za kukata matumizi ya serikali. Mwalimu wa Ohio alipata barua pepe ya kumshukuru, na chini yake ombi la mchango mwingine.

Hatua ya 10: Sasa nakugeukia wewe mpiga kura

Mgombea, ondoka. Maneno yaliyobaki si yako.

Mpiga kura, milango hii yote ilichongwa na watu, na watu wanaweza kuifunga. Katika hukumu ileile ya Citizens United ya 2010, majaji wanane kati ya tisa walikubali kwamba sheria inaweza kuwataka watoaji watajwe. Tangu mwaka huo muswada wa kuwaanika umekwama Seneti kila ulipofika. Jiji la New York nalo limeonyesha njia nyingine: mkaazi akimchangia dola 1 mgombea wa jiji aliyejiunga na mpango wake wa pesa za umma, mfuko wa umma unaongeza hadi dola 8. Mwuza maua wa Queens anapata uzito ambao Washington imemnyima mwalimu wa Ohio.

Kwa hiyo mgombea akija kwenye mkutano wako, usimuulize kuhusu dini yake wala mbwa wake. Muulize mambo mawili. Nani analipia matangazo yanayokusifu? Utauunga mkono muswada wa kuwataja watoaji? Akianza kuzungumzia uhuru na familia, mkatize umwombe majina. Akikosa majina, mnyime kura.