Swifa ya Programu za Chinichini

Hasani bin Ismail alitunga Swifa ya Nguvumali kumtukuza mganga aliyesifika kwa kuwafichua wachawi. Utungo ule una haki yake, ila umeacha upande mmoja wa kesi bila wakili. Leo nawatetea waliojificha. Si wachawi, Mungu apishe mbali. Ni zile programu zinazokaa chinichini ndani ya kompyuta, ambazo kila mpenda gemu huzisaka ili azifunge, mpira wake wa kwenye skrini ukimbie bila kukwama.

Tuanze na uaminifu wao. Unawasha laptopu yako ya mtumba, yenye RAM ya gigabaiti 4, na kabla hujavuta kiti wenyewe wameshafika: yule wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, yule wa kupokea ujumbe, yule wa printa (printa yenyewe uliiuza mwaka juzi), na kivinjari ambacho ulikifunga muda si mrefu kwa mkono wako mwenyewe, nacho hakikuona sababu ya kuondoka. Hakuna aliyewaita, hakuna atakayewashukuru. Maofisini mwetu wafanyakazi wa namna hii wanatafutwa kwa kurunzi.

Halafu ni walimu. Zama za MS-DOS, gemu nyingi zilipaswa kujibana ndani ya kilobaiti 640 za kwanza za kumbukumbu, na humo humo walikuwa wamejikalia dereva wa kipanya na dereva wa CD. Mchezaji aliyehitaji nafasi kidogo zaidi hakuwa na budi kufungua CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, afute mstari huu, auhamishe ule, awashe upya, aombe dua. Mtoto aliyetaka kuua majini ya kwenye skrini akaishia kujua jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyogawanywa. Mwaka 1993 MS-DOS 6 ikaja na MemMaker, programu ya kumpangia mambo hayo, na elimu ya bure ikaanza kupungua.

Na utulivu je? Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde ina milisekunde 16 na ushei tu za kuandaa kila picha. Katikati ya mbio hizo kizuia virusi hukumbuka kwamba hakijakagua mafaili tangu Jumanne. Masasisho ya Windows nayo yanaanza kushuka. RAM ikijaa, sehemu ya mzigo huhamishiwa diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, hapo subira inageuka ibada. Mshambuliaji wako amebaki mguu juu, goli tupu mbele yake. Una wasaa wa kutazama viatu vyake, nyasi, hata sura za mashabiki. Ni nani mwingine anayekupa wasaa huo siku hizi?

Lakini wanadamu hawana shukrani, wamejitafutia mganga. Dave Plummer wa Microsoft aliandika Task Manager, ikaingia katika Windows NT 4.0 mwaka 1996. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ramli inapigwa, majina yote hadharani pamoja na kiasi anachokula kila mmoja. Hapo ndipo dhuluma huanza. Mchezaji mgeni anaona System Idle Process imeshika asilimia 95 ya prosesa, anapandwa na hasira, anataka kuiua. Maskini, ile si mlafi hata kidogo. Ni hesabu ya muda ambao prosesa haina la kufanya. Mwingine anaifunga explorer.exe, upau wa chini unatoweka na yeye anabaki kutazama picha ya ukutani. SysMain nayo hutukanwa kila siku kwa kujaza RAM, ilhali inachopakia ni vitu unavyoelekea kuvitumia, na nafasi hiyo hurudishwa gemu ikiihitaji. Kusema kweli, programu iliyolala kwenye asilimia sifuri ya prosesa haimkwamishi mtu, mradi RAM haijajaa. Wakosaji ni wachache: ukaguzi wa virusi, upakuaji, kurekodi skrini, na kile kivinjari chenye vichupo visivyohesabika. (Mteja wangu huyo wa mwisho namtetea kwa sababu nimelipwa tu.)

Kuna pia waganga wa kienyeji, zile programu zinazoahidi kuongeza kasi ya gemu kwa kufunga wenzao wote. Ukishaiweka moja, huanza yenyewe kila unapowasha kompyuta, inakaa chinichini, inatoa matangazo, inakula RAM. Hao wateja wangu wamewapokea kama ndugu.

Sijagusa bado fadhila kubwa kuliko zote. Nenda popote vijana wanapochezea gemu, usikilize anayefungwa. Hatasema mwenzake ni hodari. Hatasema kidole chake kilikosea. Atasema, "Mashine imekwama, we hujaona?" Na kweli pembeni kabisa kuna programu fulani ilikuwa ikijisasisha, imeubeba mzigo wa mabao matano bila kulalamika, heshima ya kijana imesalimika mbele ya wadogo zake. Sasa mwazie yule mwenye bidii aliyefunga kila kitu kabla ya mechi, RAM nyeupe, picha zinateleza. Dakika ya kumi amepigwa la tatu, anageuka huku na huku kutafuta wa kumsingizia. Ameanza kuikagua pedi.