Bi Kenge Afungua Baraza la Malezi

Katika rasi ya Mweya, magharibi mwa Uganda, pale mfereji wa Kazinga unapoingia Ziwa Edward, aliishi Mama Ngiri na watoto wake watatu: Kwanini, Sitaki na Namimi. Siku walipozaliwa aliwapa majina ya mababu, yenye uzito na heshima. Lakini hata mvua za msimu ule hazijaisha, majirani walikuwa wamekwisha kuyasahau, kwa sababu kutwa kucha sauti zilizotoka katika shimo lile zilikuwa tatu tu: "Kwa nini?", "Sitaki!" na "Na mimi!"

Shimo lenyewe lilichimbwa na muhanga, naye akalihama. Ngiri wana desturi yao ya kuingia nyumbani. Watoto hutangulia, vichwa mbele, kisha mama hufuata kinyumenyume, ili uso na pembe zake vibaki vimeelekea mlangoni. Desturi hiyo imewaokoa ngiri wengi na fisi, chui na simba. Sitaki hakuipenda. Kama mama anaingia kinyumenyume, naye ataingia kinyumenyume. Jioni moja akageuka, akatia makalio mlangoni, akasukuma, akapinda kidogo njiani, akakwama kama kizibo. Namimi kuona vile akalia "Na mimi!", akageuka naye, akaanza kujisukuma pale pale alipokwama mwenziwe. Kwanini alikuwa ameshaingia, na huko ndani alikuwa anauliza kwa nini giza limekuja upesi hivyo. Jua lilikuwa linazama, fisi ameanza kulia ng'ambo ya mfereji, na Mama Ngiri amesimama nje, mbele yake nyuso mbili ndogo zinamtazama zikingoja sifa.

Alimng'oa Namimi kwa sikio, akamng'oa Sitaki kwa mguu wa mbele, akawageuza, akawaingiza, naye akaingia nyuma yao huku miguu inamtetemeka. Kabla hajakaa sawa, wote watatu walikuwa wanadai maziwa. Ngiri jike ana chuchu nne, na kila mtoto hushika yake tangu mwanzo. Kwa hesabu hiyo watoto watatu wangenyonya kwa amani na akiba ikabaki. Lakini Namimi aliiacha yake imejaa tele, akaenda kugombea ya Sitaki. Ile ya nne haikumvutia mtu usiku kucha.

Kulipokucha mama akatoka kutafuta nyasi changa, akapiga magoti ya mbele kama ngiri wote wanavyokula. Aligeuka akawakuta watoto nyuma yake, wamejipanga mstari, kila mmoja anajaribu kupiga magoti. Kwanini alipiga la kulia peke yake, akaelemea upande. Namimi alipiga yote mawili kwa kishindo, pua ikaingia tope. Sitaki alifaulu, akang'oa unyasi mmoja, akautafuna kwa bidii mpaka ukawa ute wa kijani, akaja nao mdomoni hadi usoni pa mama yake. "Nimekutafunia," akasema. Mama Ngiri aliupokea, akaumeza. Mnaoishi na watoto wadogo mnajua unyasi ule una ladha gani. Wanaowatazama watoto wa wenzao kwa mbali husikia makelele tu. Saa kama ile hawaioni, na mimi naamini hukumu zao nyingi zinaanzia hapo.

Wakati huo huo Bi Kenge alitangaza baraza la malezi chini ya mgunga mkubwa.

Hakuna aliyeshangaa kwamba yeye ndiye mwalimu. Katika rasi nzima hapakuwa na aliyewahi kumsikia mtoto wa Bi Kenge akilia. Hakuonekana hata siku moja akimkimbiza mtoto, akimpangusa mtoto, wala akimsihi mtoto ale. Kila asubuhi alikuwa ukingoni mwa mfereji, amejinyoosha juani, ngozi inang'aa, macho hayana usingizi. Majirani walimtazama yeye, kisha wakamtazama Mama Ngiri mwenye tope mpaka masikioni, wakasema, "Huyu anajua kulea."

Namna yake ya kulea ilikuwa hivi. Msimu ukifika hutoboa ukuta wa kichuguu, hutaga humo makumi ya mayai, kisha huenda zake. Mchwa wakiona nyumba yao imebomoka huiziba upya, na mayai hukaa humo miezi mingi kwenye joto na unyevu mpaka yanaanguliwa. Vitoto vikitoka hujitafutia, na mama havimjui. Bi Kenge hana ubaya katika hilo. Kenge wote ndivyo walivyoumbwa. Kosa lilianza siku alipouona utulivu wa nyumba yake, akadhani ni ujuzi.

Msaidizi wake alikuwa Kekeo, ndege wa sauti tamu, ambaye hutaga katika viota vya mnana na kumwachia mnana kazi iliyobaki. Kiboko mzee aliletwa akae mbele kwa ajili ya umri wake. Watu husema msafara wa mamba na kenge wamo, lakini siku ile kenge ndiye aliyeongoza msafara na mamba hakuwamo. Mama Mamba alikuwa mwezi wa pili analinda kiota chake mchangani, chakula amekisahau, na alijua fika ni nani katika baraza lile anayependa mayai ya mamba. Mama Tembo alifika, akasimama nyuma kabisa. Mimba yake ilichukua miezi 22, na ndama aliyempata alikuwa bado hajajua kazi ya mkonga: aliukanyaga, akaanguka, shangazi mmoja akamwinua, akaukanyaga tena, mama mdogo akamwinua. Mama Tembo mwenyewe alikuwa anakula majani, na hakusema neno siku nzima.

"Mtoto," alianza Bi Kenge, "haitwi mara mbili. Mimi wangu sijawahi kuwaita hata mara moja."

Wakapiga makofi.

"Na mzazi ajipe nafasi ya kupumzika," akadakia Kekeo. "Akichoka, atamlea vipi mwingine?"

Mama Ngiri aliinua kichwa. "Na wakati napumzika, ninyi wenzangu, nimwachie nani hawa?"

Kekeo alifikiri. "Mimi huwa naacha tu," akasema. "Nasikia wanakua vizuri, wanene."

Hapo Baba Ngiri akapita. Madume ya ngiri hutembea peke yao, na huyu alikuwa na safari zake. Alisimama kidogo, akauliza, "Hawajambo hawa?" Akajibiwa hawajambo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na njia. Baraza zima likamsindikiza kwa sifa. "Huyo ndiye baba anayejali," alisema Kiboko mzee, na wengi wakasema kweli, baba wa namna ile ni wachache. Mama Ngiri wakati huo alikuwa anamtoa Namimi dimbwini kwa mara ya tatu, na hakuna aliyeligeuzia jicho jambo hilo.

Namimi alikuwa ameona ulimi wa Bi Kenge unavyotoka na kurudi, umegawanyika ncha mbili, akataka na wake uwe hivyo. Ndiyo sababu alikuwa akiuangalia ndani ya maji. Sitaki aliambiwa akae, akasema neno lake. Akaambiwa basi asimame, akasema lile lile. Kisha akajilaza kifudifudi katikati ya baraza, miguu minne imetanuka, akalia kilio kile kisicho na machozi ambacho mtoto hukitoa huku anachungulia kama anatazamwa.

Wazee wakakohoa. Kila mmoja akawa na lake. Mtoto huyu hakupewa mipaka. Mtoto huyu amepewa mipaka mno. Ni njaa hiyo. Ni shibe. Zamani hapakuwa na watoto wa hivi. Mmoja akasema mkono mmoja haulei mwana, na vichwa vyote vikainama kukubali hekima ile, na hapakuwa na mkono uliosogea.

Kwanini ndiye aliyesogea. Alikwenda mpaka mbele ya Bi Kenge, akakaa kwa adabu, akamwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, watoto wako wanaitwa nani?"

Ulimi wa Bi Kenge ulitoka, ukarudi. Ukatoka tena. Alimtazama Kekeo, na Kekeo akaanza kupanga manyoya ya bawa lake la kushoto. Kiboko mzee alitangaza kwamba jua limekuwa kali, akaenda majini. Mama Ngiri, ambaye angeweza kucheka na hakuna ambaye angemlaumu, alikuja haraka akamfunika mwanawe kwa ubavu wake, akaomba radhi kwa wote, akawakusanya watatu, akaondoka nao mikia juu.

Hakufika mbali. Kwenye uwanda wenye nyasi fupi miguu ilimwishia, akajilaza ubavu. Kundi la nguchiro lilikuwa linapita, wale wenye milia mgongoni, wakamwona. Kati ya ngiri na nguchiro wa Mweya kuna desturi: ngiri hulala chini, nguchiro humpanda, wakamchambua kupe mpaka nyuma ya masikio. Wakaja kama kawaida, na watoto wao nyuma.

Bibi mmoja wa kinguchiro alikuwa anang'oa kupe karibu na jicho. "Tangu lini hujalala, mwanangu?"

"Tangu mvua zianze."

"Basi lala."

"Na hawa?"

"Hawa tumewaona."

Hakumwambia namna ya kulala, wala hakumpa faida za usingizi. Alitoa sauti fupi tu, na nguchiro kijana akamwendea Sitaki, akamwonyesha kinyesi cha tembo na namna ya kukifukua mpaka mbawakawa atoke. Ndivyo wanavyolea wao. Vitoto vikianza kutoka shimoni, kila kimoja hushikamana na mkubwa wake, awe mama, kaka au mjomba, nacho humfuata na kulishwa naye mpaka kinapata kama miezi mitatu. Sitaki alifukua. Mbawakawa alitoka. Hakusema hataki.

Kwanini, bila shaka, alikuwa na swali. "Bibi, kati ya hawa watoto wote, wako ni yupi?"

"Sijui."

"Kwa nini?"

"Kina mama wote tulizaa usiku mmoja, shimo moja. Kulipokucha walikuwa wamechanganyika. Anayemjua wake angeanza kumpa yeye kinono."

Kwanini alinyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunyamaza. Pembeni, Namimi alikuwa amejipanga katika mstari wa vitoto vya nguchiro vinavyongoja kulishwa, ingawa kichwa chake kilivipita kwa mbali, na alipewa jongoo kama wenzake. Mama yao alikuwa amelala mchana kweupe, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza msimu ule.

Alasiri Kekeo alikuja na ujumbe, akatua juu ya kijiti. Baraza limekwisha salama, akasema, na limeazimia kuwa na baraza jingine. Katibu amechaguliwa Mama Ngiri, kwa kuwa hakuwepo kukataa. Aje kesho alfajiri afagie chini ya mgunga, kisha aandae maelezo ya namna anavyokusudia kuwarekebisha wanawe.

Mama Ngiri alifumbua jicho moja. Kabla hajapata neno la adabu la kujibu, kichwa kilichojaa kinyesi cha tembo kiliinuka nyuma yake.

"Sitaki!"

"Na mimi!" alisema mwingine kutoka kwenye mstari wa chakula.

"Kwa nini aende?" aliuliza wa tatu.

Kekeo akatanua mabawa. Mama Ngiri, aliyekuwa amemkataza Sitaki neno lile tangu mvua zianze, alimgeukia akamwambia alirudie, tena kwa nguvu, maana ndege alikuwa ameshaanza kuruka na huenda hakusikia vizuri.