Kosa la Matabaka Sita

Mashine ya kukatia vitambaa kwa kalibu, yaani kwa ubao wenye nyembe za chuma zilizopindwa katika umbo la mraba au pembetatu na kufichwa ndani ya sponji, iliundwa ili kumwepusha mshonaji wa mifarishi na makosa ya mkasi. Lakini ikiisha kufika Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ndani ya sanduku la ndugu, hudhihirika kwamba makosa hayakukoma, bali yamefunzwa nidhamu. Mfarishi ni tandiko la matabaka matatu, ambalo juu lina vipande vilivyounganishwa, katikati pamba, na chini kitambaa kizima, yote yakishikwa pamoja kwa mishono.

Mkasi hukosea kipande kimoja kimoja, na kila kimoja kwa namna yake. Mashine, ambayo mtumiaji huizungusha mpini ili kalibu, kitambaa na bamba la plastiki vipite kati ya roli mbili, hukata hata matabaka sita kwa pamoja, na kwa hiyo huzaa makosa sita yanayofanana kama mapacha. Nyuzi za mtande, zinazofuata urefu wa kitenge, hazivutiki sana, ilhali za mshindio, zinazokwenda kwa upana, huvutika. Basi anayekiingiza kitenge kwa upana hukinyoosha bila kujua, nacho kikishakatwa hunywea na mraba ukawa mstatili. Milimita 2 zikipungua katika kila kipande, mstari wa vipande 20 hupungukiwa na sentimita 4, na mfarishi hupinda hata kabla haujalaliwa.

Kitenge nacho kina msimamo wake, kwa kuwa michoro mikubwa ya wax ilikusudiwa kuonekana nyongani pa mvaaji, si katika kimraba cha ukubwa wa kiganja. Kalibu haitambui mchoro wa kuku na vifaranga wake, hivyo mama hupelekwa mchagoni na watoto miguuni pasipo kushauriwa. Kitenge cha kampeni ya uchaguzi huleta balaa zaidi, maana mheshimiwa hugawanywa kwa usawa ambao hakuwahi kuwaahidi wapiga kura, na mgeni hulazwa juu ya sikio la mheshimiwa huku jicho moja, lililoshonwa kichwani pa kitanda, likimkeshea hadi asubuhi.

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ya kijamii. Katika mji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, fundi mwenye cherehani ya umeme hajawahi kukosa udhuru wa kuchelewesha kazi, nao ni udhuru ambao mteja huupokea kwa huruma, kwani hata yeye alilala gizani. Lakini mashine hii ya kalibu huendeshwa kwa mkono tu; mteja ameuona mpini, ameiona mikono yote miwili ya fundi, na anasubiri maelezo.