Mwaloni wa Maji ya Chai

Nyumba aliyoinunua shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, iko Maji ya Chai, upande wa juu wa barabara iendayo Moshi, nayo ni mojawapo ya zile walizojijengea masetla wa kahawa chini ya Mlima Meru, yenye kuta nene za mawe, baraza pana, na dohani ya kuotea moto ambayo mtu wa pwani angeidhani jiko lililopotea njia. Kila aliyepata kuimiliki aliacha ndani yake sakafu ya zama zake: sebuleni mbao za mwerezi, ukumbini saruji nyekundu, chumba cha kulia marumaru za juzi na jana, na vyumbani kapeti la plastiki lenye maua ambayo hayajapata kuota katika nchi yoyote.

Shemeji, aliyesoma Ulaya ujanani na kurudi na shahada moja na itikadi nyingi, alishikilia kwamba nyumba kongwe haiwi nyumba moja mpaka iwe na sakafu moja, na kwamba jicho la mgeni sharti litoke mlango wa mbele lifike chumba cha mwisho bila ya kujikwaa. Sakafu yenyewe ilikuwa lazima iwe ya mwaloni, mti ambao aghalabu sisi twaujua kwa kumsoma Ibrahimu aliyepiga hema chini yake, na ambao huko Ulaya umejenga merikebu na mapipa ya mvinyo. Nikamtajia mninga, nikamtajia mvule, nikamtajia na mtiki ambao Wajerumani wenyewe waliupanda katika nchi hii. "Hasha, shemeji," akanijibu kwa taadhima, "hiyo ni miti ya vitanda."

Mzee mmoja wa jirani, aliyekuwa amekuja kuomba koleo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mwaka 1951 tuliondolewa Engare Nanyuki, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, nyumba zetu zikachomwa ili masetla wapate nafasi. Kirilo Japhet akaenda mpaka New York mwaka 1952 kutudaia haki mbele ya Umoja wa Mataifa. Tumehangaika weee, hata wakaondoka. Nawe leo wahangaika ili miti yao irudi?" Akachukua koleo akaenda zake, na koleo lenyewe hatujaliona tena.

Baada ya kuuliza huku na huku alipatikana mfanyabiashara wa mbao, ambaye jina lake nalihifadhi, aliyeapa kuwa anao mwaloni halisi, tena kwa bei ambayo mwaloni halisi ungeona haya kuisikia. Mbao zikaja, nami nakiri zilipendeza: rangi ya asali iliyoiva, na juu ya uso wake mabaka ya kung'aa yaliyogeuka mwanga kila ulipoinamisha kichwa. Shemeji alizipapasa machozi yakimlengalenga.

Tangu hapo msiba haukupumzika. Kijana msaidizi wa fundi, kila alipozipiga mbao randa na msasa, alitoka vipele mikononi na shingoni akajikuna mpaka usiku, na mtaa mzima, usiokosa maarifa katika mambo ya ghaibu, ukafasiri kwamba setla marehemu hajaridhia kuvunjiwa sakafu yake. Ukaja utata wa kimo: mbao za mwerezi zilikaa juu ya boriti, saruji ikawa chini yake kwa shibiri nzima, na madhali jicho la mgeni halikuruhusiwa kujikwaa, saruji ikainuliwa na milango yote ikakatwa miguu. Ikaja na mas'ala ya vanishi. Shemeji alieleza kwa muda mrefu rangi aitakayo, kahawia isiyo nyeusi, yenye uzee usio uchakavu, hata fundi, mzaliwa wa papa hapa aliyekulia kwenye maji yetu yenye floridi nyingi ya mlima, akatabasamu akamwonyesha meno yake: "Kama hii, mzee?" Shemeji akayatazama kwa makini ya mnunuzi, akasema, "Naam. Ila ing'ae zaidi."

Lakini lililotuponza hasa ni ukavu. Kanuni ya maseremala wa kale ni kuuacha ubao ukauke mwaka mzima kwa kila inchi ya unene wake, ilhali hizi ziliegemezwa ukuta wa jiko kwa muda usiotosha hata kukausha maharage. Tena ubao ukinywa unyevu huongezeka upana, na kwa sababu hiyo fundi alitaka kuacha nafasi ya kidole kando ya kila ukuta, sakafu ipate pa kupumulia. Shemeji akakataa katakata, akisema nyufa ni za vibandani. Fundi, ambaye malipo yake yalikuwa hayajakamilika, akazikaza mbao ukuta hadi ukuta.

Hafla ya kuibariki nyumba iliangukia Aprili, masika yameshika, na ukungu wa Meru ukiingia ndani bila kupiga hodi. Sakafu ilikuwa imeanza kutuna mgongo kama paka aliyeona mbwa, nasi tukawa twawapitisha wageni pembeni kwa adabu. Mzee wa kanisa akaenda maliwatoni, akausukuma mlango kwa nguvu hata ukafunga, na haukufunguka tena, maana chini yake ubao ulikuwa umepanda. Kwa kuwa ni mtu wa subira, akaanza kuimba tenzi. Kwa kuwa sauti yake ni nzuri, waliokuwa sebuleni wakadhani ibada imekwisha anza, wakampokea. Walifika ubeti wa tatu ndipo mtoto mmoja akauliza anayeimbisha yuko wapi. Tulimtoa kupitia dirishani, kanzu kwanza.

Katika ghasia ile, bwana misitu mmoja mstaafu alipiga goti, akawasha tochi, akakwaruza ubao kwa ukucha, akatoa fatwa: huu ni mgrevilea. Mti huo asili yake ni mashariki ya Australia, ukaletwa na walima kahawa na chai kuwa kivuli cha mibuni, na mabaka ya ubao wake hufanana na ya mwaloni kiasi kwamba Waingereza waliuita mwaloni wa hariri. Na vumbi lake, akaongeza akimtazama kijana aliyekuwa bado anajikuna, huwawasha watu wengi. Kwa hiyo setla marehemu akasamehewa hadharani.

Dada yangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya cha kutisha, akauliza mbao zilinunuliwa kwa nani. Akatajiwa. Akauliza ile migrevilea ya nyuma ya jiko, ambayo shemeji aliiuza mwaka jana kwa bei ya kuni ili apate fedha ya kuanzia sakafu, aliinunua nani. Shemeji akaomba radhi akatoka kuangalia kama mvua imekatika.

Sasa katikati ya sebule, palipotuna zaidi, pametandikwa lile kapeti la plastiki lenye maua, na shemeji ameahidi kwamba kiangazi kikifika ataing'oa sakafu yote aipange upya, na safari hii kwa nafasi ya kidole. Juzi yule mfanyabiashara alipita tena kuuliza kama migrevilea iliyobaki uani inauzwa. Dada ndiye aliyetoka kumjibu, nami kwa heshima ya wasomaji naishia hapo.