Shubiri Iliyochemka Bila Moto

Mama mkwe aliishika shubiri yangu ili aisifu, ikamfuata mkononi bila mzizi hata mmoja. Chunguni ulibaki uji wa kahawia, wenye harufu ambayo wageni wote sebuleni walijifanya hawaisikii. Akauliza kwa upole: "Mwanangu, hii huwa mnaichemsha?" Mpaka sasa masikio yananiwaka.

Ieleweke kwamba marehemu hakufa kwa kiu. Aliuawa kwa ukarimu. Hapa kwetu Kamembe, Rwanda, kila apitaye na kikombe humgawia chochote: watoto maji, shemeji chai iliyobaki. Wakisahau wao, kuna masika, Machi hadi Mei, yenye mawingu yasiyobisha hodi.

Nami mmea huu naustaajabia. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na papo hapo maji yake huyeyukia angani. Shubiri mchana hujifungia. Usiku, kukiwa baridi, ndipo hufungua, ikavuta hewa hiyo na kuiweka akiba kama asidi. Kukipambazuka hufunga tena, ikaitumia akiba ile kutengeneza sukari kwa nguvu za jua. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea, akiwa India, alitafuna jani la bryophyllum, mmea wenye tabia hiyohiyo, akalikuta chachu asubuhi na halina ladha mchana. Aliandika barua kuhusu jambo hilo mwaka 1813. Mzizi nao hupumua: udongo ukijaa maji, hewa hutoka na uozo huingia. Chungu changu hakikuwa na tundu. Muuzaji alisema tundu huchafua sakafu. Nilitaka kumweleza mama mkwe haya yote, lakini alikwisha kuomba sabuni.

Mimea yangu mingine ya kutunza maji nayo haikupona: dungusi wa dirishani aliliwa na mbuzi. Kalanchoe sitaki kuizungumzia.

Kisha utazame mnyaa, ambao hapa tunauita umuyenzi. Nao ni wa ukoo wa kutunza maji. Unakata fimbo, unaichomeka, inaota. Utomvu wake huunguza macho, hivyo ng'ombe hauchezei. Umezunguka nyumba za wazee wetu bila kudai tone la maji. Mtaani kwangu unang'olewa ili kujengwe kuta za matofali, na aliyeung'oa hurudi sokoni kununua mmea wa mapambo wa kuozesha. Huo si usasa, ni utovu wa shukrani.

Mnyaa wako uache usimame. Na ukija kwangu, tafadhali, maliza chai yako.