Sifa za Ajizi ya Mashine

Ajizi ni nyumba ya njaa, walinena wazee wetu, na tangu siku hiyo mvivu hakupata wakili wala mshairi. Kila mhubiri amemlaumu, kila mwalimu amemchapa, na kila tajiri amemkata ujira. Madhali mashitaka haya yamesikizwa kwa dahari nyingi pasi na upande wa pili kupewa nafasi, naona ni insafu nisimame leo kumtetea mvivu mmoja aliye mkubwa kuliko wote, asiyelala kitandani wala barazani, bali katika vyumba vya baridi vya mabenki, mashirika ya bima na idara za kodi: naye ni kompyuta kuu iliyopunguzwa mwendo kwa makusudi, ili ada ya leseni za programu zake ipungue.

Wala asidhani mtu kwamba mvivu huyu hana nasaba. Babu yake ni System/360, iliyotangazwa na IBM tarehe 7 Aprili 1964, na katika zama za babu huyo programu zilikuja pamoja na mashine, wala mnunuzi hakuandikiwa hati ya malipo yake mbali. Tarehe 23 Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba itaanza kuziuza baadhi ya programu na huduma zake kwa bei yake yenyewe. Programu ikawa bidhaa, bidhaa ikataka mizani, na mizani iliyokuja kutumika ni nguvu ya mashine inayoziendesha, ambayo leo hupimwa kwa MSU, yaani mamilioni ya vizio vya huduma kwa saa. Hapo ndipo busara ilipozaliwa: ikiwa mwenye nguvu ndiye atozwaye, heri kuwa dhaifu.

Watu wa pupa hudhani kwamba uvivu ni upungufu wa maumbile, ilhali uvivu huu ni elimu. Itazame mashine ya IBM iitwayo z13s, iliyotolewa mwaka 2016, ambayo prosesa zake za kawaida zaweza kuwekwa katika daraja 26 za mwendo, kuanzia A hata Z, na idadi yake ikawa 1 hadi 6, zikapatikana namna 156 za kuinunua. Prosesa ya daraja A ni ile ile ya daraja Z, haikupungukiwa na waya wala tundu. Imeamriwa tu, kwa maandishi yaliyo ndani kabisa ya mashine, isiende mbio. Wahandisi walikesha miaka ili prosesa iwe na kasi, kisha wahandisi wenzao wakakesha wapate kuizuia kwa insafu na vipimo. Ni mvivu gani mwingine duniani ambaye utepetevu wake umegawanywa kwa daraja, ukapewa herufi, ukauzwa kwa mkataba?

Fadhila zake hudhihiri mwisho wa mwezi. Tangu kuingia kwa z/OS, mfumo endeshi wa mashine hizi, mwaka 2001, mteja aliyechagua mkataba wa kulipa kwa kilele cha matumizi huhesabiwa hivi: kila dakika 5 mashine hujipima, vipimo 48 vya mwisho vikafanywa wastani wa saa 4, na wastani uliopanda kuliko wote katika mwezi ndio unaotozwa, hata ukiwa umetokea usiku mmoja tu wa kufunga hesabu, na siku zilizosalia mashine ilikuwa ikipiga miayo. Katika sharia kali namna hii, mwenye mashine ya kasi huishi kwa hofu, kwani ripoti moja iliyoandikwa ovyo yaweza kukipandisha kilele na kumgharimu mwezi mzima. Lakini mwenye mashine nzito hulala usingizi, kwa kuwa mvivu wake hata akichochewa na wazimu wote wa ofisi hawezi kuuvuka uwezo aliopewa.

Na tuitaje karama yake ya kurekebisha tabia. Kasi ni sitara ya israfu: palipo na kasi, programu iliyoandikwa kwa lugha ya kale ya COBOL yaweza kulisoma jedwali lile lile mara milioni, wala asitokee wa kuuliza. Mashine ikiwa nzito, meneja huulizana na mafundi wake, kazi za usiku zikasogezwa hadi alfajiri ambapo mashine haina shughuli, faharasa iliyosahauliwa ikatengenezwa, na ripoti ambazo hazina msomaji zikafutwa.

Watasema wapinzani: mbona ana prosesa ndugu aitwaye zIIP, aliyezaliwa mwaka 2006, aendaye kwa kasi yake yote na kazi yake isihesabiwe katika ada hizo, hata watu wakaihamishia kwake programu ya Java yenye kula nguvu nyingi kuliko ile ya kale? Ni kweli, lakini ndugu huyo anakula bure kwa sababu ya mizani iliyomkaba mwenziwe, na lau mizani hiyo isingekuwapo, asingepata mnunuzi.

Wataongeza kwamba kasi iliyozuiliwa haikutoka, imo ndani ya sanduku, na siku mteja akizidi kutoa fedha muuzaji huiamsha kwa amri tu, pasi na kufungua hata skrubu. Hiyo ndiyo sharafu kuu ya mvivu wetu, kwani kwa upole wake amefichua siri ambayo kasi isingeisema kamwe: kwamba kinachouzwa katika chumba kile si chuma wala wepesi wa chuma, bali ni ruhusa. Basi mkaguzi wa hesabu akiingia humo, aache kuuliza mashine inakwenda kasi gani. Aulize imezuiliwa kiasi gani, na ruhusa iliyobaki, nani anailipia bila ya kuitumia.