Kichwa cha Mtoto si Gunia la Unga

Mfyuuu! Bandugu, mpira tuuache kidogo. Au tuanze nao huohuo mpira, maana ndipo jambo lenyewe linapoonekana.

Hapa kwenye kona yetu, commune ya Kenya mjini Lubumbashi, Kongo, kuna mtoto wa darasa la tano. Muulize habari za timu ya Mazembe ya 2010. Atakupeleka mpaka Abu Dhabi, akupe goli la Kabangu, akupe la Kaluyituka dakika ya 85, Internacional ya Brazil chali. Kisha atakaa chini palepale kwenye mavumbi, arukeruke kwa makalio kama kipa Kidiaba. Na mwaka huo alikuwa hajazaliwa! Sasa mwambie akueleze somo la jana la mto Lualaba. Ataanza kwa Kifaransa, neno kwa neno kama lilivyoandikwa ubaoni. Mkatize katikati, basi, uzi umekatika. Lazima arudi mwanzo.

Halafu mtu mzima anasimama anasema mtoto ana kichwa kigumu. Aka! Kichwa kigumu kingebeba mechi nzima?

Mechi ile ameisimulia yeye mwenyewe, mara nyingi, kwa mdomo na kwa mwili, akipingwa na wenzake, akisahau jina akalitafuta mpaka likatoka. Somo la Lualaba amelinakili na kuliimba na darasa zima. Ubongo hukua kwa kazi: unapotafuta jambo kichwani ukalitoa, njia kati ya seli za ubongo zilizobeba jambo hilo huimarika. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wataalamu wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine wakairudia kuisoma, wengine wakaifunga wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wakabaki na asilimia 42 ya habari hiyo, na wale waliojitafutia wakawa na 56. Ndiyo maana kukariri kunatudanganya wazazi: jioni mtoto anatiririka, Jumatatu hana kitu.

Na kujitafutia kichwani si jambo geni Katanga, ndilo linaloniuma. Waluba walikuwa na lukasa: kibao cha mti cha kushika mkononi, kimejaa shanga na kauri. Mzee wa chama cha Mbudye alikishika kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kuume kikapita juu ya shanga, moja baada ya nyingine. Ushanga mkubwa uliozungukwa na shanga ndogo, huyo mfalme na watu wake. Mstari wa shanga, hiyo njia. Mfalme Nkongolo Mwamba anatoka hapo, Mbidi Kiluwe mwindaji anatoka hapo, na mwanawe Kalala Ilunga. Kibao chenyewe kimya. Msimulizi ndiye aliyechimbua habari kichwani mwake kila mara, mbele ya watu, tena mpangilio ukibadilika kufuatana na wanaomsikiliza. Macho, kidole, mdomo na watu, vyote kazini. Leo kibao kimoja kiko katika jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, na sisi wenye nchi tunawajaza watoto maneno kama tunajaza gunia la unga.

Mwalimu simlaumu. Tangu shule za msingi za serikali ziwe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika. Kumsikiliza kila mtoto atawezaje? Kuimba pamoja ndiyo njia iliyobaki. Lakini sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa nafasi darasani, na Kiswahili ni mojawapo ya nne zilizotajwa na Katiba. Mtoto aelewe kwanza Lualaba ni nini kwa lugha anayobishania mpira. Kifaransa kitapata mahali pa kukaa.

Na wewe unayemkesheza mtoto na kaye mpaka saa sita usiku kwa sababu ya mtihani, mwache alale. Usingizini ndimo ubongo unamoyapanga na kuyakaza ya mchana.

Jioni hii, bukari likiisha kuliwa, funga kaye ya mwanao. Mwambie: nieleze somo la leo, kwa Kiswahili chetu. Akikwama usimkimbilie na jibu, mwache atafute. Kesho kutwa muulize tena.